Tumbo la Miezi Saba

Mama mkwe aliizungusha kanga mara ya tatu, akaegemeza goti mgongoni mwa Dorkas na kuvuta kama anayefunga mzigo wa ndizi za kushusha kutoka mlimani hadi sokoni Same.

"Bana pumzi, mwanangu. Wakiliona tumbo la miezi saba pale uwanjani, ndege itaondoka bila wewe."

Baba yake Dorkas alikuwa anazikwa kesho Mwanza. Kwa basi asingewahi.

Ndipo kisigino kidogo kilipomsukuma chini ya mbavu. Kikasukuma tena, kwa nguvu zaidi.

Dorkas alishika fundo, akalifungua. Kanga ikaanguka miguuni, tumbo likarudi mahali pake.

"Wewe, hutaki kumzika baba yako?"

"Nataka, mama. Lakini huyu simfungi kama mirungi ya magendo. Naanza kwa daktari aniandikie barua. Akisema nisipande, sipandi. Nitamlilia baba hapa hapa mlimani."

"Na ndugu zako watasema nini?"

Dorkas alikuwa ameshavaa ndala.

"Watasema nina mimba," alijibu, akatoka tumbo likiwa mbele.