Nguzo za Kisyeri

Mokami alikuwa ameketi juu ya rundo la nguzo, miguu ameinyoosha, na hakuonyesha dalili yoyote ya kuondoka.

"Shikamoo mama," akasema Nikolaus, askari wa msitu.

"Marahaba. Kama umekuja kuchukua nguzo, anza kwa kunibeba mimi. Nimekonda, sitakulemea."

Nikolaus akalizunguka rundo. Nguzo thelathini, mbichi, bado zinatoa utomvu. Yeye alikuwa Mkerewe, mgeni pale Nkende, na ilikuwa miezi minne tu tangu aletwe kulinda msitu wa mlimani, mwaka ule wa hamsini na sita. Amri alikuwa ameikariri kama sala. Ilibandikwa mlangoni mwa baraza: mwanamke, kuni kavu, mzigo mmoja kwa wiki; mwanamume aliyeoa, nguzo thelathini za kumjengea mkewe nyumba, mradi afike mwenyewe kuandikishwa.

"Nguzo za nani hizi?"

"Za mwanangu Kisyeri. Watoto wa shemeji yangu wamesaidia kukata, lakini mwenyewe ni Kisyeri. Anamjengea mkewe."

Mke huyo, Bhoke, alikuwa pembeni akikanyaga udongo wa kukandikia, mtoto mgongoni.

"Mbona Kisyeri hakufika kuandikishwa?"

Bhoke akamtazama mama mkwe wake, akauma mdomo. Mokami ndiye aliyejibu.

"Mama mkwe wangu alijenga kwa miti ya mlima ule. Mimi nikajenga kwa miti ya mlima ule. Hakuna aliyetuuliza majina. Leo mmebandika karatasi, basi mlima umekuwa wenu? Nani kati yenu alipanda hata mti mmoja?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

"Basi warudie waliokutuma. Waambie Mokami amekataa."

Nikolaus alijua kwa nini bibi yule hakuwa na pa kurudi nyuma. Baba yake Bhoke alikwisha kutuma neno: masika ikianza kabla binti yake hajapata nyumba yake mwenyewe, atakuja kumchukua, yeye na mtoto. Na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kuwa meusi. Alimwonea huruma Mokami, na kwa sababu hiyo hiyo alizidi kumchukia huyo mwanamume aliyejificha nyuma ya kanga ya mama yake.

"Mwanao ana sura gani?"

"Mrefu. Mabega mapana. Kama nilivyomwomba Mungu."

"Mlevi?"

"Kisyeri? Hajaonja pombe hata siku moja. Hajawahi hata kunipandishia sauti. Nitajie mama mwingine hapa Nkende mwenye mtoto kama huyo."

Bhoke akageuka ghafla, mabega yakimtikisika. Nikolaus akadhani analia. Hasira zikampanda zaidi.

Akatangaza kwamba kesi ni Alhamisi. Mwenye nguzo asipotokea, zitachukuliwa zote, na yeye atasakwa mpaka afungwe.

"Alhamisi nitakuja," akasema Mokami. "Mpaka siku hiyo nitalala hapa hapa."

Siku tatu Nikolaus alimtafuta Kisyeri. Alimtafuta kwenye majosho, alimtafuta mnadani, akashuka mpaka Turwa, kwenye kilabu cha pombe, akasimama mlangoni.

"Nani kamwona Kisyeri wa Mokami?"

Wanaume wakatazamana.

"Kisyeri wa Mokami!" akasema mmoja. "Baba, huyo mbio zake huziwezi."

"Ukimpata utuite," akadakia mwingine. "Tutachinja."

Wakacheka mpaka mmoja pombe ikampalia. Nikolaus akaondoka akisaga meno. Wote wanamficha. Tarafa nzima inamficha mtu mmoja mwoga.

Alhamisi baraza lilijaa mpaka nje. Mzee Waitara, hakimu, aliketi katikati ya wazee wawili. Nikolaus akasoma mashtaka, kisha akakunja karatasi.

"Mshtakiwa amekimbia, mzee. Naomba nguzo zichukuliwe leo, naye akipatikana afungwe miezi mitatu."

Mokami akasimama kabla hajaitwa.

"Nguzo haziondoki. Amri ni yenu, si yangu, na inasema mwanamume aliyeoa. Nyinyi watatu mlioketi hapo mbele mlikula nyama ya arusi ile mkajipangusa mafuta. Semeni basi kama Bhoke hakuolewa!"

Wazee wakanong'ona.

"Aliolewa," akasema Waitara. "Ni mke halali, mahari ilikamilika."

"Basi nyumba yake ijengwe. Mnataka alale chini ya karatasi yenu ya mlangoni?"

Watu wakaguna kwa kuridhika. Nikolaus akahisi kesi inamponyoka.

"Mzee, amri inasema mume afike mwenyewe! Kama haji, basi walau tumwandike tumjue. Aulizwe mama yake: huyu Kisyeri alizaliwa lini?"

Waitara akakohoa, akashusha sauti kama mtu anayeingia nyumba ya mwenzake.

"Mama, umesikia. Askari anataka kujua Kisyeri alizaliwa lini."

"Hakuzaliwa," akasema Mokami. "Nilizaa mabinti wanne, tumbo likafunga. Nikachukua ng'ombe wa mahari yao, nikamwoa Bhoke kwa mila yetu, awe mke wa mwana ambaye Mungu hakunipa. Jina nilimpa mwenyewe."

Waitara akamgeukia Nikolaus.

"Haya, askari. Mkamate."