Bi Pangusa wa Kwenye Ufa

Enzi hizo kichuguu kilikuwa bado na usingizi mtamu. Mchwa askari akimwona adui aligonga kichwa ukutani, jirani akausikia mtetemo naye akagonga, mpaka kwenye ufa. Mtetemo haukuweza kuvuka ufa, kwa hiyo Gonga, askari wa pale, alidondosha tone la harufu. Wa ng'ambo wakainusa, wakaendelea kugonga. Kisha Bi Pangusa, mchwa mzee aliyeusafisha ufa huo, aliilamba harufu yote.

"Mama, kila nikituma unafuta. Uko upande gani wewe?"

"Ujumbe ukishafika, mwanangu, unataka ubaki wa nini?"

Gonga akamfukuzia nje, juani, ambako mchwa hukauka upesi.

Tone lililofuata halikufutwa. Ng'ambo waligonga usiku na mchana, watoto wakakosa kulishwa. Muhanga, mla mchwa, alipokuja kweli, Gonga alidondosha tone jipya, lakini nani angelitambua katika harufu ile ya zamani? Watoto wengi waliliwa.

Mola, aliyeweka wafutaji wa ujumbe kama yeye hata kwenye mianya ya mishipa yetu ya fahamu, amrehemu mama yule. Siku hizi Gonga huulamba ufa mwenyewe, ingawa ulimi wake haufiki pote, na akimaliza hunong'ona, "Mama, ujumbe umefika."