Vya Kugawana

Kwenye lile duka jipya la dawa pale Ruhuwiko, mama muuzaji alimpangia Kasiana aina mbili za vidonge vya dharura vya kuzuia mimba juu ya meza.

"Hii ya kidonge kimoja unameza, basi. Hii ya viwili ni dozi ileile, imegawanywa tu. Ukimeza kimoja ukaacha kingine, mwanangu, ni kama hujameza."

Kasiana akaitazama ile ya viwili. Wiki iliyopita yeye na mdogo wake wote waliogopa mimba, wakanunua ile ya viwili, wakagawana kimoja kimoja, maana watoto wa nyumba ile hata kiazi walikatiana.

"Na wiki ikishapita?"

"Haisaidii tena. Mwisho siku tatu, mwanangu."

Nje mdogo wake alisubiri akiwa na sare ya chuo cha ualimu, ambako ukipata mimba unafukuzwa siku hiyohiyo.

"Dada, si tumepona?"

Kasiana akaanza kumnyoosha kola.