Mtandio Juu ya Bodi

Kadi ya michoro ilizidi nafasi ndani ya kompyuta kwa upana wa vidole viwili. Zarmina aliipima mara mbili, kisha akaomba msumeno wa kukatia chuma.

"Dada, kompyuta hii ilitoka benki," muuza vipuri akasema. "Imezeeka ikihesabu riba, leo uipe michezo ya bunduki? Mwambie mwanao anunue mpya."

"Sina mwana. Mchezaji ni mimi."

Wanaume waliokuwa wakinywa chai ya kijani dukani wakacheka. Soko zima la kompyuta la Peshawar, siku hiyo, halikuwa na mnunuzi mwingine mwanamke.

Mashindano yalikuwa Jumapili. Nahodha wa timu yake alishasema: mashine ikikwama tena, nafasi yake anapewa mwingine. Bei ya kompyuta mpya hakuiweza. Na kilichoizuia kadi kilikuwa kizimba cha diski tu, bati jembamba kama ukucha.

"Haya, kata," muuzaji akasema. "Lakini chenga za chuma zikiangukia bodi ya saketi, imeungua. Na bodi yenyewe haitoki, skrubu imeliwa kichwa. Rudi kesho na kitambaa safi."

Zarmina akatazama kaunta. Palikuwa na tambara moja, limelowa grisi.

Akafungua mtandio wake, akaukunja mara nne, akaifunika bodi yote, akichomeka pindo kila pembe.

Kikombe kimoja kikabaki hewani.

"Dada, jifunike," muuzaji akanong'ona, macho sakafuni. "Watu wanakuona kichwa."

"Chenga zikiniangukia kichwani, siungui," Zarmina akasema, akiuweka msumeno juu ya bati. "Shika kasha lisitikisike."

Akalishika.