Ubavu wa Kushoto

Kabla ya upasuaji, daktari wa usingizi alimzungushia mzee utepe wa kupimia shingoni, akausoma mara mbili. Kwa unene ule, kupitisha mrija wa hewa kooni hakungekuwa lelemama.

"Unakoroma, mzee?"

"Hata kidogo," alikana, kama alivyokana tangu aoe.

"Anakoroma, daktari," mkewe alisema. "Halafu pumzi inakata, kimya. Nahesabu. Nikifika kumi nampiga kiwiko ubavuni, anavuta hewa."

"Kila usiku?"

"Kila usiku, tena mara nyingi."

Mzee akajipapasa ubavu wa kushoto, ule unaomuuma kila asubuhi, naye akilaumu godoro.

"Mama watoto, kumbe hulali?"

Mkewe alimfunika shuka vizuri, akamgeukia daktari.

"Sasa huko ndani, nani atamhesabia?"