Arobaini na Tano ya Verlin

Verlin alivuta nyuma kifuniko cha juu cha bastola kwa nguvu zake zote, nacho kikakataa kusogea hata unene wa ukucha. Vidole vyake vilivyovimba viungo viliteleza kwenye chuma.

"Hiyo ndiyo bastola ya kipimo cha arobaini na tano uliyoitaka," mama mwenye duka la silaha alisema. "Jaribu ya milimita tisa, mzee."

"Tisa ni ya kutishia panya. Wakubwa wa kaunti wamefunga kituo cha polisi, wakajijengea maegesho ya magari yao. Banda langu limevunjwa mara mbili. Nataka risasi ya kumwangusha mtu."

"Na hiyo utamrushia kwa mkono, kama jiwe?"

Wazee wawili waliokuwa wakinywa kahawa ya bure pale dukani wakacheka hadi wakavua kofia.

Mama akamwekea mbele bastola ndogo ya risasi sita, ya kipimo cha thelathini na nane, isiyo na kifuniko cha kuvuta. Verlin akaifyatua tupu. Kidole kikaitika bila maumivu.

"Naichukua," akasema kwa sauti ya chini.

"Ya nini, na unayo nyumbani? Marehemu mkeo alinunua kama hii miaka mitatu iliyopita. Alisema vidole vyako vimeanza kukakamaa, ila kiburi bado kizima."

Verlin akairudisha bastola mezani. "Miezi minane tangu afe nalala na shoka chini ya kitanda. Aliiweka wapi?"

"Chini ya sinki, nyuma ya sabuni ya vyombo. Alisema utaiona siku utakayoosha sahani."