Chakula cha Msiba

Ndugu Mekuria alikataa kikombe cha tatu cha kahawa, kile cha baraka. Pale Nazret hakuna anayeondoka kwa jirani bila kukinywa, tena jirani aliyefiwa.

“Kunywa, Ndugu Mwenyekiti,” alisihi Yeshimebet, mjane aliyevaa nyeusi. “Kisha nenda zako salama.”

“Hunifukuzi kwa kahawa, mama.”

Nje lori la jeshi lilinguruma. Warusi walikuwa wameacha kuleta silaha, waasi wanakaribia, na Kanali aliyeitawala nchi alibakiwa na kitu kimoja cha kutupa vitani: watoto wa watu. Wenyeviti wa mitaa ndio waliowakamata. Mekuria aliwatoa wa majirani bila hata kupepesa macho. Wa kwake, Fikru, alimpakia basi kwenda Jimma kwa mjomba wake, siku ileile vizuizi vilipoanza kuwekwa barabarani, na tangu hapo hakupata habari zake.

Leo alipungukiwa na kijana mmoja wa kujaza lori, na aliamini anajua alipo.

“Ulitangaza Dereje wako kafia vitani,” alisema. “Tukalia, tukala, tukaondoka. Mbona mke wangu bado anakuletea chakula cha msiba? Kapu linakuja limejaa, linarudi tupu. Mfiwa gani ana tumbo hilo?”

“Mkeo ana huruma.”

“Huruma inayomaliza injera zangu!”

Askari wawili mlangoni wakacheka. Mekuria hakucheka. Alikuwa akiutazama mlango wa stoo, uliozibwa kwa magunia ya nafaka.

Yeshimebet alimshika mikono yote miwili.

“Mekuria, kaka yangu, nakuomba kama mzazi mwenzangu. Waambie hawa askari waende. Stoo nitakufungulia mwenyewe, uingie peke yako.”

“Ili mwanao achomoke dirishani? Umenifanya mjinga vya kutosha.” Akamsukuma pembeni. “Dereje! Mama yako amekulilia bure. Vunjeni!”

Askari mmoja, koplo, aliangusha magunia, akaupiga mlango teke. Akatoka akimburuta kijana kwa ukosi, vumbi la nafaka limemjaa nyweleni, kipande cha injera bado mkononi.

“Hongera, Ndugu Mwenyekiti,” alisema koplo. “Lori limejaa.”

Kijana akainua uso.

“Baba,” alisema Fikru, “waambie mimi si Dereje.”